Ufunguo wa Bibi Wadha

Wasan, binti wa ami yangu, amenichukulia hadithi ya nyumba ya bibi yetu, akaifanya kitabu, na jina langu hakulitia. Alinichukulia nikiwa edani, siku ambazo mjane hana pa kwenda.

Tulirudi Ibra, Omani, kutoka Unguja tukiwa wadogo. Ulipofika wakati wa kutiwa skuli, baba na ami walishauriana: Bibi Wadha, mama yao aliyebaki huku, hana macho, lazima mtoto mmoja abaki naye. Wasan alikuwa na kikohozi, moshi wa jikoni haumfai. Basi yeye akashonewa sare, mimi Ghaniya nikapewa mkono wa bibi niuongoze. Niliuongoza miaka kumi na moja.

Nyumba ilikuwa ya udongo, ghorofa mbili, na juu mna chumba kimoja kisichofunguliwa. Ufunguo wake bibi kaufunga kwenye ncha ya mtandio. Kila alasiri alikaa mbele ya mlango ule akinihadithia habari za Amna, mdogo wake, aliyefungiwa mle na kaka zao. Alichana nywele mchana kutwa mpaka akafa, na alipokufa kitana hakikunyamaza. Hata mimi nilikisikia. Wasan alirudi kutoka skuli na daftari zake, nami nilikuwa na kitana changu. Nikajiambia, haya, tumegawana.

Mwaka jana mume wangu Khelef alifariki, nikakaa eda. Wasan, ambaye sasa anasomesha chuoni Nizwa, alikuja kila Alhamisi na halua, akaweka simu yake juu ya mto inirekodi.

"Sema, da Ghaniya. Upunguze huzuni."

Hakuna aliyewahi kuniambia sema. Nikasema yote, isipokuwa jambo moja.

Mwezi wa nne wa eda, jirani yangu Taghreed alikuja na simu kunionesha Wasan jukwaani, Nizwa, kitabu mkononi. Alikuwa akieleza kwamba hadithi za namna ile zina jina lao, za kigothiki: nyumba kuukuu, mlango uliofungwa, mwanamke ndani, na dhambi ya wazee isiyokubali kuzikwa. Akasema filamu za leo za kutisha, hata michezo ya kwenye simu, zote zinakula chungu hicho. Wakamuuliza yake kaitoa wapi. "Nimesoma sana," akajibu. Watu wakampigia makofi.

"Mashallah, kasoma," Taghreed akasema.

"Na mimi miaka yote ile nilikuwa nikitafuna mchanga?"

"Husuda hiyo, bi Ghaniya! Na eda hujamaliza!"

"Ndiyo, husuda. Ninayo tangu sare yake ya kwanza."

Zilibaki siku kumi na tisa nitoke. Wasan alizijua, yeye ndiye aliyekuwa akinihesabia.

Nilipotoka eda, nilimwambia binti yangu Reem anipeleke Nizwa. Wasan alitufungulia mlango mwenyewe, akataka kunikumbatia.

"Nilikuwa nataka kukwambia, da Ghaniya, wallahi."

"Kitabuni mwako, nani kamfungia Amna?"

"Kaka zake. Si ndivyo ulivyonihadithia?"

"Na ufunguo mbona ulikuwa kwa bibi?"

Kusoma kwake kote, hilo halikumjia.

"Posa ilikuja kwa Amna, bibi ndiye mkubwa na hajaposwa," nikamwambia. "Akamfungia kwa mkono wake, akasema mdogo wangu kaingiwa na jini. Mchumba yule ndiye babu yetu, Wasan. Wangu na wako. Bibi alinitajia siku anakata roho, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwepo."

Mkono wake ukaenda kwenye simu.

"Iweke chini!"

Akaiweka. Reem aliniambia nimemtia aibu yeye. Labda. Mimi bibi yangu namfahamu kuliko wote: najua mtu anavyoweza kukaa nje ya mlango maisha yake yote kwa sababu ya ndugu yake.

Hela zake sizitaki. Anachodaiwa Wasan ni kusimama jukwaani palepale, mbele ya watu walewale, aseme: "Hadithi hii ni ya Ghaniya, aliyebaki ili mimi nikasome." Mpaka leo hajasimama. Ufunguo uko kwenye ncha ya mtandio wangu.