Kutoka Chemchemi ya Malinya Hadi Msitu Usio na Kinu

Nilisafiri kwa sababu ya daftari. Lilikuwa daftari la mahudhurio, lile ambalo watu wa mwekezaji wa dhahabu walilipitisha katika baraza la kwanza kwenye uwanja wa shule, pamoja na soda na mkate. Sisi watu wa Malinya tuna adabu zetu: mgeni akikupa kinywaji na kalamu kwa mkupuo mmoja, unapokea vyote viwili. Tuliandika majina na nambari za vitambulisho, tukatia sahihi. Wazee wasiopenda kalamu walitia dole gumba. Baada ya wiki chache daftari lile lile lilionekana katika ofisi ya kaunti likiwa na karatasi mpya juu yake: "Wakazi waliokubali mradi." Jina la kwanza lilikuwa la Senje Rosebella.

Senje ni dada wa baba yangu. Shamba lake linateremka hadi kwenye chemchemi ambayo kijiji kizima huteka maji, na nduma anazouza sokoni Kakamega humea kando ya maji hayo. Kuchimba dhahabu kwa jembe na sururu hapa kwetu si habari, hata watu wa ukoo wangu wamechimba. Lakini ramani ya mwekezaji ilionyesha shimo la mashine, na bwawa la maji ya dawa za kusafishia dhahabu, pale pale penye chemchemi. Baraza la pili, la mwisho kabla ya kibali kutolewa, lilikuwa limeshatangazwa.

Mimi ni mwalimu wa jiografia na katibu wa kamati ya chemchemi. Kanisa letu lina urafiki wa siku nyingi na kanisa la kijiji kimoja kusini-magharibi mwa Ujerumani, karibu na Mto Rhine. Waliposikia habari zetu waliandika kwamba wao waliwahi kusimamisha kitu kikubwa kuliko shimo, kwa hiyo tumtume mtu mmoja akaone. Kamati ilinichagua mimi kwa kuwa ndimi niliyekuwa na pasipoti.

"Uende uone walifanyaje," Senje aliniambia akinifungia njugu kwenye gazeti. "Lakini baraza likifika haujarudi, mimi nitaingia ndani ya hiyo chemchemi nilale. Wachimbe na mimi."

"Senje, yale maji ni baridi."

"Ndiyo maana nakwambia urudi haraka."

Jumatatu, saa moja asubuhi, pikapu ya kanisa ilinichukua kutoka Malinya. Tulipita kati ya mawe makubwa ya Maragoli, yale yanayokaa juu ya mengine kama mtu aliyeyapanga na kusahau kurudi, tukashuka Kisumu. Kutoka hapo nilipanda ndege ya Nairobi, na jioni ile ile nyingine kubwa zaidi. Kuhusu ndege sina la kusimulia isipokuwa kwamba jirani yangu alikula njugu za Senje nyingi kuliko mimi.

Jumanne asubuhi, Frankfurt. Afisa wa uhamiaji alitazama pasipoti, akanitazama mimi, akauliza nimekuja kufanya nini.

"Kutazama msitu," nikasema.

"Kenya hakuna msitu?"

"Upo, tena mkubwa, kule Kakamega. Nimekuja kuuliza mlivyoulinda wenu."

Alifikiri kidogo, kisha akagonga muhuri. Huko stesheni nilikuwa nimejiandaa kwa jambo moja: niliambiwa tangu utotoni kwamba treni za Ujerumani hazichelewi. Yangu ilichelewa dakika arobaini. Nilijisikia nyumbani kabisa.

Saa tisa alasiri nilishuka kwenye stesheni ndogo iliyozungukwa na mizabibu. Mizabibu hiyo iko juu ya vilima, imepangwa ngazi kwa ngazi, mistari imenyooka kama daftari la darasa la kwanza. Mzee mrefu mwenye kipara alikuwa akinisubiri amekunja mikono.

"Habari za safari, Mwalimu?" alisema kwa Kiswahili, akaendelea kusubiri. Mwishowe akacheka. "Tanga ungeshanipa shikamoo!"

"Kakamega tunasema mulembe."

"Basi mulembe."

Huyu ndiye Gerd. Alichimba visima Tanga kwa miaka mingi, na kwa siku zote nilizokaa huko yeye ndiye aliyenitafsiria. Alinipeleka kwa mwenyeji wangu, Bibi Helga, mkulima wa zabibu aliyepita miaka sabini, mfupi, mwenye viganja vigumu vya mtu aliyeshika mkasi wa kupogolea maisha yake yote. Tulikula supu ya viazi na soseji. Helga alitaka kujua mara moja baraza letu ni lini. Nilipomwambia, alihesabu siku kwa vidole kisha akasema neno ambalo Gerd alikataa kulitafsiri.

Jumatano, saa mbili asubuhi, tulikwenda msituni kwa baiskeli. Nilikuwa sijapanda baiskeli tangu nimalize chuo, na Helga alinipita kwenye kila kilima. Njiani Gerd alinisimulia kwa vipande. Miaka ya sabini serikali ya jimbo ilitaka kujenga kinu cha umeme wa nyuklia katika msitu huu kando ya mto. Wakulima waliogopa mvuke wa kinu ungeleta ukungu na kuharibu zabibu. Wavuvi nao waliwaza maji ya mto kupata moto, na kina mama waliwaza watoto wao. Hapakuwa na chama cha kuwasemea. Kwa hiyo vijiji viliunda vikundi vya wananchi, kila kimoja na mwenyekiti wake na katibu wake, kama kamati yetu ya chemchemi. Mashine zilipoingia msituni, kina mama walisimama mbele yake. Polisi waliwafukuza watu kwa maji ya mabomba, lakini siku chache baadaye watu walirudi wengi zaidi, wakiwemo wanafunzi wa mjini, wakakaa huko miezi.

"Nani alikuwa anapika?" niliuliza, maana hilo ndilo swali ambalo Senje angeniuliza.

Helga alisimamisha baiskeli. Swali lilimfurahisha. "Kila kijiji kilikuwa na siku yake," alisema. "Siku yetu ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa mke mpya. Nilikuja na sufuria ya supu na uzi wa kufumia, na jioni mama mkwe wangu alikagua kama sweta imeendelea. Kinu hakikujengwa, lakini mume wangu alipata sweta nne."

Tulifika. Nilikuwa nimetoa simu tayari kwa picha, nikazunguka nikitafuta cha kupiga. Kulikuwa na miti, maji yaliyotulia yenye bata, na jiwe lenye maneno ya lahaja yao ambayo Gerd aliyatafsiri: "Hapana, tulisema." Basi.

"Kiko wapi sasa?" nikauliza.

"Kitu gani?"

"Kile mlichokuja kunionyesha."

Helga alifungua mikono yote miwili, akaonyesha miti. "Hiki hapa. Hakipo."

Nilipiga picha ya bata, nikijua fika Senje atasemaje.

Wakati wa kurudi Gerd aliendelea. Watu waliotoka katika msitu ule walikwenda kuwasaidia wengine waliokuwa na mto wao au msitu wao, na miji mikubwa ikaiga vijiji, jambo ambalo si la kila siku. Miaka michache baadaye kukazaliwa hata chama cha siasa cha mambo ya mazingira, kikaingia bungeni. "Yote hayo," alisema, "kwa sababu watu walikaa chini wakakataa kuondoka. Mwambie Senje wako alale kwenye chemchemi."

"Upuuzi," alisema Helga kutoka mbele. Alikuwa ameelewa bila tafsiri.

Alhamisi, saa kumi na moja jioni, nilihudhuria mkutano wa kikundi cha sasa. Ndiyo, bado wanacho, maana sasa kampuni moja inataka kupanua shimo la kokoto mpaka ukingoni mwa msitu. Walikutana katika chumba cha wazima moto, watu kumi na wawili, chupa za maji ya tufaha mezani. Nilitarajia hotuba za moto. Badala yake walifungua kumbukumbu za kikao walichofanya na kampuni hiyo, wakazisoma neno kwa neno. Nusu saa nzima ilipotea, ndivyo nilivyodhani, kwenye sentensi moja: "Wakazi walielezwa mpango na kuupokea."

Helga aliinua mkono. "Walielezwa. Nukta."

Mwingine akasema hapo hapana tofauti kubwa. Helga akamuuliza kama alipoelezwa bei ya gari na muuzaji, alikuwa ameshalinunua. Chumba kilicheka, na sentensi ikakatwa pale penye nukta. Kisha karatasi ikazunguka na kila mtu akatia sahihi, na kando ya sahihi akaandika mwenyewe alichotia sahihi: nimesoma, au nimehudhuria tu, au napinga.

Niliomba nafasi, nikasimulia habari ya daftari letu, soda, mkate na jina la kwanza. Gerd alitafsiri polepole. Nilipofika kwenye karatasi iliyobandikwa juu, mmoja wao aliweka glasi yake mezani kwa kishindo.

"Mlikubali kabla hamjajua mnakubali," alisema Helga. "Sikiliza, Mwalimu. Gerd atakwambia habari za kukaa msituni kwa sababu zina raha kusimulia. Lakini kabla ya msitu tulipeleka masanduku ya barua za pingamizi, kila mtu yake. Mahakamani hawakuuliza sweta zetu. Waliuliza barua."

"Na bila watu msituni," akajibu Gerd, "barua zingekuwa za kuwashia jiko."

Walibishana hivyo hadi nje ya mlango, na nikaelewa kwamba wamebishana hivyo kwa miaka hamsini na hakuna hata mmoja anayetaka kushinda.

Ijumaa niliwapikia obusuma, ugali wa kwetu, kwa unga wa mahindi tulioupata duka la Mwitaliano. Unga ulikuwa wa manjano wenye chenga kubwa, lakini ulikubali kushikana. Gerd alimega kwa vidole kama mtu wa nyumbani. Helga aliomba uma, kisha akaomba chumvi, kisha akaomba tena.

Jumapili mchana nilikuwa Malinya, na baraza lilikuwa Jumanne. Senje alitazama picha zangu akiwa amesimama.

"Umeenda Ulaya kupiga bata."

"Senje, hapo ndipo pangekuwa na kinu."

Alizitazama tena, safari hii akiwa ameketi. Nilipomweleza habari ya nukta na maneno ya kando ya sahihi, aliiweka simu yangu mezani. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mimi ndiye nilianza ile foleni. Kiu ilikuwa imenishika, na hawa watu wanakujanga na soda baridi." Jumatatu nzima alikaa mezani kwangu na penseli. Senje aliachia shule darasa la tatu, na mkono wake ulikuwa umezoea jembe. Kamati nayo ilipita nyumba kwa nyumba: kila mtu aje na barua yake ya pingamizi, na wapiga ngoma za isukuti waje nazo, na obusuma na ingokho, yaani kuku, zipikwe nyumbani, ili pasiwe na mtu atakayekuja na njaa ya kupewa mkate.

Jumanne, saa nne asubuhi, uwanja wa shule ulijaa. Isukuti zililia kama siku ya kupiganisha fahali. Watu wa mwekezaji walishusha kreti za soda, wakafungua daftari mezani. Senje alikwenda wa kwanza, kama mara ile. Alipokea soda yake ya machungwa, akaiweka chini ya benchi bila kuifungua, akashika kalamu. Akaandika. Akaendelea kuandika. Foleni nyuma yake ikasimama.

Kijana wa mwekezaji aliinama. "Mama, hapa ni jina na kitambulisho tu."

"Jina langu ni refu, mwanangu."

Aliponyanyuka niliona mstari wote, herufi kubwa zilizopanda na kushuka kama njia ya Maragoli: *Rosebella. Nimekuja. Sijakubali.* Aliyemfuata aliutazama, akaandika vivyo hivyo. Na wa tatu. Waliotaka kutia dole gumba walimwomba mjukuu au jirani aandike maneno hayo kwanza, ndipo wakagandamiza.

Saa saba, barua zilipokwisha kukabidhiwa, niliomba daftari lisomwe kwa sauti kabla kikao hakijafungwa. Afisa aliyetoka kaunti kusimamia baraza alisema hajawahi kuombwa hivyo, lakini hakuona sheria inayokataza. Alianza kusoma. Kwenye jina la kumi watu walianza kuitikia pamoja naye, "Nimekuja! Sijakubali!", na mpiga isukuti akayapatia maneno hayo mdundo. Afisa alijaribu kuzuia tabasamu akashindwa. Mwishoni aliandika mbele yetu kwamba wakazi wamehudhuria na wamepinga, kibali kisitolewe kwa ramani hii, na mwekezaji alete nyingine isiyogusa chemchemi. Kisha akaisoma sentensi hiyo mara mbili, kwa sababu katibu, yaani mimi, alimwomba.

Sijui ramani mpya itasema nini, na kamati haijalala. Lakini nilichojifunza ng'ambo kinaenea kwenye mstari mmoja wa daftari, na wa kwanza kuuandika ni mtu aliyeachia shule darasa la tatu. Nimemwandikia Helga. Gerd nimemwambia kwamba ngoma pia zilisaidia, ili wasikose la kubishania.

Watu walipoanza kutawanyika nilimkuta Senje bado kwenye benchi. Aliinama, akaitoa ile soda chini. Ilikuwa imeshika joto la uwanja.

"Sasa," alisema, akaifungua kwa meno, "hii naweza kunywa."