Hoja ya Shati la Marehemu

Hoja iliyookoa cherehani ya mama yangu ilikuwa ya uongo, na niliitunga mimi nikiwa darasa la sita, kwa penseli, kwenye karatasi niliyoichana katikati ya daftari la Kiswahili. Wazazi wa shule nzima waliisikia, wakacheka, wakaingiwa na hofu, kisha wakahama kwa miguu yao wenyewe. Ili jambo hilo lieleweke, inabidi nianze na harufu.

Ilikuwa harufu ya belo la mitumba linapokatwa kamba. Siku ya gulio pale kwetu Kisesa, harufu hiyo kavu ya dawa na sabuni ngeni ilishinda ile ya dagaa na ya ng'ombe waliouzwa ng'ambo ya barabara. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, na vitu ambavyo wazazi wetu walizoea kuvipangia foleni sasa vilimwagwa chini kwenye turubai. Nguo zile tuliziita kafa Ulaya, kwamba wenyewe walikwisha kufa huko, lakini huo ulikuwa utani tu na haukumzuia mtu kuchagua. Aliyezinadi kuliko wote alikuwa Bwana Masalu, mtu mfupi aliyesimama juu ya belo ambalo hajalifungua ili aonekane. "Nani hapa ana miguu miwili?" aliuliza. "Sote!" "Basi suruali hii ni yenu, na yenyewe ina miguu miwili!" Aliinua shati: "Hili kalivaa daktari wa Ulaya. Daktari mzima avae shati baya?" Mama mmoja akisitasita, alimwambia kwa huruma, "Hutaki? Haya mama, nenda uchi, sisi tutafumba macho." Watu walicheka huku wakinunua.

Mwalimu Mugeta, Mkerewe mrefu aliyetufundisha Kiswahili, aliona kwamba hapo pana darasa la bure. Mwaka ule alikuwa akitufundisha jinsi watu wanavyoshawishiana, akatutuma gulioni na madaftari. "Kila mtu aniletee hila tano," alisema. "Atakayerudi na suruali, kashindwa." Nilirudi na kurasa tatu. Mwalimu alitutenganishia vitu viwili. Maswali yasiyongoja jibu, maneno ya kurudiarudia na chuku aliyaita mapambo, na hayo hayana dhambi. Lakini kumlazimisha mtu achague kati ya mambo mawili wakati yapo kumi, kulitia jina la mkubwa kwenye jambo asilolijua, kumcheka msemaji ili usimjibu alichosema, hizo ndizo hila. "Mapambo ni vifungo vya shati," alisema. "Hila ni shati lisilo na mtu ndani." Niliipenda kazi ile kupita kiasi. Nyumbani nilimsahihisha kila mtu, hata wadogo zangu wawili walipogombania ukoko.

Mama, ambaye watu walimwita Mama Kabula kwa jina langu, alitulea kwa cherehani ya miguu, kwenye kibaraza cha duka la mafuta ya taa. Mitumba ilipozidi, magauni yaliondoka kwanza, kisha suruali, mwisho akabaki na sare za shule peke yake. Ndipo ikasikika kwamba mkutano wa wazazi utaamua kama sare nazo ziruhusiwe kutoka kwenye mitumba. Mashati meupe na sketi za bluu yalikuwa tele kwenye turubai la Bwana Masalu. Mama hakulia wala hakulalamika. Alipaka cherehani mafuta, akamtumia bibi ujumbe kule shambani, mbele ya Magu, kwamba atuandalie chumba. Ruhusa hiyo ikipita, angeuza cherehani na sisi tungekwenda kulima pamba.

Mwenyekiti wa kamati ya shule alikuwa Mzee Nkwabi, mpiga ngoma wa zamani ambaye hakuwahi kustaafu moyoni. Kwetu Usukumani vikundi viwili vya ngoma hushindana kwa kucheza wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja, na hakuna majaji. Anayewavuta watazamaji wengi ndiye mshindi, na ndiyo maana wachezaji huja na chatu, na vinyago, na chochote cha kuwahamisha watu. Siku ya mkutano, kwenye uwanja wa mpira wa shule, Mzee Nkwabi aliona hakuna njia iliyo bora kuliko hiyo. "Mkono wa kura mtu huunyoosha kwa kumwogopa jirani," alitangaza. "Leo tutaamua kwa miguu. Mama Kabula, simama goli lile. Bwana Masalu, goli hili. Semeni!" Mwalimu Mugeta aliinama kama mtu aliyeumwa na jino.

Wakasema wote wawili kwa pamoja. Mama alikuwa na hoja nzuri, na alikuwa na ushahidi, ambao ni mimi. Alinisimamisha mbele ya watu akawaonyesha sketi yangu, iliyokuwa na mistari mitatu iliyopauka, mmoja kwa kila mwaka alioukunjua upindo. Nguo ya kushonwa hukua na mtoto, alieleza, lakini ya mtumba ilikwisha kukatwa kwa mwili wa mwingine. Alieleza kwa sauti ya mtu anayepima kiuno, polepole, kama mwenye pini mdomoni ingawa hakuwa nazo. Kutoka goli la pili ilisikika, "Wapendwa! Mnataka mtoto asome au mtoto apendeze?" na watu wakaanza kuvuka uwanja, mmojammoja, kisha kwa makundi. Tulibaki na wanawake watano, pamoja na Mwalimu Mugeta.

Hapo ndipo nilipomkabidhi mama karatasi. Aliisoma, akanitazama.

"Nani kakufundisha maneno haya?"

"Mwalimu."

"Alikufundisha uyaseme?"

"Alitufundisha tuyakatae."

Mama aliutazama umati ule ng'ambo, akaikunja karatasi ile mara nne, akatoa sauti ambayo sikujua kama anayo. "Jamani! Mwenye shati alikufa! Alikufa na nini? Nani anajua? Mtoto wako kalivaa, kaingia kwenye mtihani. Kichwa ni cha mtoto, shati ni la marehemu. Atakayejibu mtihani ni nani?"

Kicheko kikalipuka. Kisha kikapungua kwa namna ambayo si ya kawaida kwa kicheko. Mzee mmoja akapaza sauti, "Na marehemu mwenyewe Kiswahili hajui!" Watu wakaanza kurudi upande wetu, wakicheka bado, lakini wakitembea upesi. Bwana Masalu alipiga kelele hadi sauti ikakwama: "Nani kawaambia wamekufa? Wamenenepa tu!" Siku hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kusema kweli, na hakuna aliyemsikiliza.

Likizo iliyofuata, kabla shule haijafunguliwa, kibaraza kilijaa watoto wa kupimwa. Bwana Masalu mwenyewe alileta watoto wake wanne. "Mama Kabula, pima hawa," alisema. "Na uache upindo, nilikusikia." Mwalimu Mugeta naye alikuwa amenipa alama zangu mbele ya darasa: kumi kwa mapambo, sifuri kwa hoja. Kisha akauliza kwa nini sikumwambia mama auseme upindo kwa sauti ile ile.

Darasani kulikuwa na msichana aitwaye Shija, ambaye mama yake alikwisha kumnunulia shati la mtumba. Lilikuwa na ndege mdogo aliyedariziwa mfukoni, na uzi ulikataa kufumuka. Wiki ile ile ya mkutano tukaanza kumwita Marehemu. "Marehemu, umefanya hesabu?" Alicheka pamoja nasi. Mwaka mpya ulipoanza, hakurudi.

Leo mabati ya Kisesa yanakaribia kushikana na ya mjini, na mama, aliyezeeka vizuri, huvaa sweta la mtumba asubuhi za baridi bila kumwogopa marehemu yeyote. Hila nazo zimeongezeka, ila sasa zinakuja kwenye simu, na anayetunadia hatumwoni. Bwana Masalu tulimwona akitoka jasho, na aliyemchoka aliweza kuvuka uwanja.

Nilipokuwa mkubwa nilijifunza kosa ambalo Mwalimu Mugeta hakulifikia: kudhani kwamba jambo likifuata jingine, basi limeletwa nalo. Nilifurahi mno kulijua, kwa kuwa liliniondolea lawama ya Shija, na furaha hiyo ndiyo iliyonitia shaka. Nimeuliza Kisesa. Wapo wanaosema baba yake Shija alipata kibarua Buhongwa, upande mwingine wa mji, akahama na familia, na shati halihusiki. Wapo wanaosema baba alitangulia peke yake, Shija akabaki nyumbani na mama yake wiki kadhaa, akikataa kuja shule. Nilikwenda Buhongwa nikaelekezwa nyumba. Wenyewe, nikaambiwa, walikwisha kuvuka ziwa kwa kivuko cha Kigongo kwenda Busisi zamani, na hakuna aliyejua walikofikia. Sijui kwa nini Shija hakurudi.