Kipimo cha Mapema Kilichoninyima Firigisi

Nimekosa. Naliandika neno hilo wazi, mstari wa kwanza, kwa sababu katika miaka yote niliyokuwa mkaguzi wa shule niliwachukia watu waliojitetea kabla ya kukiri. Nimekosa, na aliyekaribia kulipia kosa langu ni mtoto ambaye hata meno hayajamtoka yote.

Wewe unayesoma, sogea karibu nikusimulie kwa sauti ya chini. Mke wangu yuko jikoni na angali ananicheka.

Mimi ni mzee wa Kakamega, upande wa Lurambi, mstaafu, na adui mkubwa wa uvumi. Nyumbani kwangu, mtu akianza sentensi kwa "nimesikia", humkatiza papo hapo: "Kwa nani? Na huyo aliona?" Wanangu wamekulia chini ya swali hilo. Washirika wa kanisa hunikwepa baada ya ibada kwa sababu yake. Nilijivunia tabia hiyo kuliko shahada yangu. Ole wangu!

Mke wa mwanangu alipokuwa mjamzito, alipimwa kliniki akakutwa na virusi vya homa ya ini, ile ya aina ya B. Kwa macho hukuweza kujua: alipalilia mahindi huku akiimba. Lakini mama mwenye virusi hivyo anaweza kumwambukiza mtoto wakati wa kuzaa, na mtoto mchanga akiambukizwa, mara nyingi ugonjwa humkaa mwilini, ukaja kuliharibu ini lake ukubwani. Kwa hiyo mjukuu wangu, nitakayemwita Nechesa ingawa si jina lake, alichomwa sindano mbili mara tu alipozaliwa. Moja ilikuwa chanjo, na ya pili kinga iliyo tayari. Zikafuata chanjo za kliniki. Mwisho, mama akaambiwa kwamba mtoto akitimiza miezi tisa, na kabla hajamaliza mwaka, arudishwe apimwe damu, ijulikane kama alinusurika na kama kinga yake imeshika.

Maagizo mazuri kabisa. Tatizo lilikuwa njia yaliyoipitia hadi kunifikia.

Kwetu, baba mkwe na mkamwana hawapeani mikono, hawaketi meza moja, na mambo ya mwili na damu hayasemwi kati yao kabisa. Vijana wa siku hizi wamelegeza. Mimi, niliyezihoji mila nyingi na kuzitupa, hii niliihifadhi, na leo nakiri sababu yake: ilinipa raha ya kusema bila kujibiwa. Basi mkamwana akamwambia mke wangu, naye mke wangu akaniambia mimi.

"Wamesema mtoto atapimwa akiwa na miezi tisa."

"Wamesema akina nani?"

"Kliniki."

"Wewe ulikuwepo?"

"Mwalimu, mimi nilikuwa hapa nakupikia."

"Basi huo ni uvumi."

Uvumi! Maagizo ya wataalamu niliyaita uvumi kwa kuwa tu yalipitia jikoni!

Nikaona ni upuuzi kungoja miezi tisa ilhali maabara ziko mjini na damu iko mtotoni. Nechesa alipokuwa na miezi mitatu, siku ambayo mama yake alikwenda Bukura kununua miche, nilimwamuru mke wangu ambebe, tukaenda kwenye maabara moja ya binafsi. Kijana wa pale akaniuliza, "Mzee, mmetumwa na daktari gani?"

"Nimetumwa na akili," nikajibu.

Akampima kile nilichoomba apimwe. Majibu yakatoka: damu ya mtoto ina kingamwili dhidi ya homa hiyo. Kijana akanishauri niyapeleke kliniki wakanifafanulie. Nifafanuliwe mimi? Mimi niliyesahihisha insha za wilaya nzima? Nikakunja karatasi yangu, nikatoka kifua mbele.

Jioni nilitangaza sebuleni kwa sauti ya kufika jikoni: mtoto ana kinga, ushahidi upo, hakuna haja ya kumtoboa tena. Jikoni pakawa kimya. Ukimya ule nikauhesabu kuwa ni kukubali. Wanaume wenzangu, uogopeni ukimya wa jikoni!

Siku chache baadaye, rafiki yangu Fundi Lihanda, seremala, alikuja kunitengenezea mlango. Nikamwonyesha karatasi ile kama anayeonyesha cheti cha digrii, nikamweleza yote. Hapo nilikosa mara ya pili, maana ugonjwa wa mkamwana wangu haukuwa siri yangu ya kuianika juu ya maranda ya mbao.

Miezi ikapita. Nechesa akaketi, akatambaa, akaanza kunivuta ndevu. Miezi tisa ikaja ikapita, ikaja kumi, na hakuna aliyetaja kipimo.

Kisha siku moja nikaenda mwenyewe kwenye kinu cha kusagia mahindi karibu na Shieywe. Mbele yangu katika foleni walikuwa wanawake wawili, mmoja na mtoto mgongoni.

"Huyu pia waliniambia nimurudishe apimwe," alisema mwenye mtoto, "lakini nimeachana nayo. Kuna profesa wa damu hapo Lurambi amechunguza. Anasema mtoto akipimwa mapema akuwe sawa, basi, hata chanjo zenye zimebaki si razima."

Kwamba chanjo lazima zikamilike, hilo hata mimi nililijua! Nani huyo anayewadanganya akina mama?

"Mama," nikaingilia, "umesikia kwa nani?"

"Ni watu wanasemanga, mzee."

"Hao watu hawana majina?"

"Yaye! Huyu mzee ni askari?" mwenzake akauliza, wakacheka wote wawili. "Ni Fundi Lihanda alituambia akitutengenezea kitanda. Nenda umushike yeye."

Nikayaacha mahindi yangu kwenye foleni. Njia nzima nilikuwa nikipanga karipio langu kwa utaratibu, na utangulizi wake na hitimisho lake. Nilimkuta Lihanda akipiga randa.

"Lihanda! Ni mpumbavu gani aliyekwambia watoto waache chanjo?"

Akaiweka randa chini polepole. "Mwarimu, unataka jina?"

"Nataka jina!"

"Na ukipata jina, huyo mutu utamufanya nini?"

"Nitamfikisha mbele ya chifu!"

"Basi vaa kofia yako twende," akasema. "Ni wewe."

"Mimi? Mimi nilisema kipimo! Sikutaja chanjo!"

"Ah, ya chanjo labda niliongeza kidogo, ndio hadithi ikuwe tamu. Lakini ya profesa sikuongeza, Mwarimu. Vile ulikuwa umeshika ile karatasi, ulikuwa profesa kamili."

Nikaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu, nisione kwamba bado hakijatiwa mguu wa nne. Nikaanguka chali kwenye maranda, na Lihanda, badala ya kuniinua, alicheka hadi akashika mti.

Kicheko chake sikukisikia vizuri. Niliwaza jambo moja tu. Ikiwa maneno yangu yaliweza kupotoka hivyo kutoka Lurambi hadi kinuni, je, ile karatasi yangu ilikuwa inasema kweli nilichodhani inasema? Na Nechesa je?

Nilifika nyumbani nikamwita mke wangu. "Kliniki walisema nini hasa kuhusu kile kipimo?"

"Niseme mimi?" Alijifuta mikono kwenye leso yake, taratibu kabisa. "Mimi sikuwepo, Mkaguzi. Kwangu utapata uvumi. Uliza aliyekuwepo."

Aliyekuwepo alikuwa jikoni, amempakata mtoto. Nikasimama kando ya mlango, nikageuza uso pembeni kama mila inavyotaka, nikakosa pa kuanzia. Hatimaye nikasema, "Nechesa, mwulize mama yako aliambiwa nini kliniki."

Nikasikia sauti yake, ndogo lakini imara. "Nechesa, mwambie kuka," yaani babu, "kwamba ile sindano ya pili siku ulipozaliwa ilikuwa kinga ya kuazima. Inaisha polepole. Ukipimwa mapema wataiona hiyo, wadhani ni yako. Ndiyo maana tuliambiwa tungoje miezi tisa, tuone kama yako mwenyewe iko, na kama ugonjwa haukuingia."

"Nechesa, mwulize mama yako mbona hakuniambia siku ile."

"Nechesa, mwambie kuka kwamba siku ile alikuwa ameshamaliza kusema."

Yeye akaendelea, na sasa sauti ilikuwa inatetemeka. "Na mwambie kwamba kila asubuhi nakufunua macho, naangalia kama yamekuwa ya manjano."

Mjumbe wetu, wakati huo wote, alikuwa anatafuna mwiko.

Niligeuka. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe kwetu, nilimtazama yule binti usoni nikamwambia, "Mwanangu, nimekukosea. Nimekosea kipimo, na nimetoa siri yako nje. Nisamehe." Akajifunika uso kwa kanga, akalia, akacheka, sijui kipi kilitangulia. Paa la nyumba halikuanguka.

Kesho yake tulikwenda kliniki, mimi nikiwa mchukuzi wa mfuko wa nepi. Mchana nikarudi kinuni kumtafuta yule mama, nikamsihi amrudishe mwanawe, amalize chanjo na kipimo. Akanikodolea macho. "Na hiyo, mzee, umesikia kwa nani?" Nilistahili! Nikamweleza profesa ni nani, akacheka sana, lakini alikwenda.

Majibu ya Nechesa yalipotoka, virusi havikuwepo. Nililia pale pale kwenye benchi, mbele ya watu, mimi niliyewahi kuwakaripia walimu kwa kulia. Lakini kulikuwa na sehemu ya pili: kinga yake mwenyewe haikuwa imeshika ya kutosha. Ile ya kuazima ilikuwa imekwisha. Mtoto alikuwa akiishi bila ngao huku nyumba nzima ikiamriwa kuamini anayo, kwa sababu babu yake alikuwa na karatasi! Wakaagiza chanjo zirudiwe, kisha apimwe tena.

Sasa sikia gharama yake. Kwetu, kuku akichinjwa, firigisi ni ya mwenye nyumba. Hilo halina mjadala. Jumapili iliyofuata, sahani yangu ikaja na shingo.

"Firigisi iko wapi?" nikauliza.

"Nimesikia imeliwa," mke wangu akajibu.

"Umesikia kwa nani?"

"Kwa mwenye kuila."

Na jikoni nikasikia mkamwana wangu akikohoa kicheko. Hukumu ilikuwa imepita: hadi kinga ya mtoto ithibitishwe, firigisi ni ya mama yake. Nimekula shingo, ndugu zangu! Nimekula shingo za kuku kwa miezi, katika nyumba niliyoijenga mwenyewe, na sikuwa na pa kukata rufaa.

Juzi kliniki wametuambia kinga imeshika. Jumapili, Nechesa ambaye sasa anatembea kwa kuyumba alitoka jikoni amefumba ngumi, akaja moja kwa moja hadi kwenye kiti changu, akaifungua kiganjani mwangu. Firigisi! Ilikuwa na alama za meno yake yote manne.

"Kula, baba," mama yake akaniambia kutoka mlangoni, mimi mwenyewe, bila kupitia kwa mtoto.

Nilikula. Sikuuliza ushahidi wowote.

Basi nawaonya, hasa nyinyi wazee wenye vyeti ukutani. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye homa hii akamilishe chanjo zake, na arudishwe kupimwa wakati aliopangiwa, si mapema kwa sababu babu yake hana subira. Na kama wakati umepita, apelekwe hata leo. Jikoni kwako pakinyamaza, usifurahi. Nenda mlangoni uulize, hata kama ni kwa kupitia mtoto anayetafuna mwiko.

Lakini haya yote usiyachukue kwangu. Tafadhali, usiende kinuni kusema umesikia kwa mzee mmoja wa Lurambi! Nenda kliniki ukaulize mwenyewe. Profesa wa damu amestaafu rasmi.