Dawa ya Akili Iliyomsahaulisha Baba Mama Yake

Jamani, leo nimemsahau mume wangu kliniki.

Mzima mzima, na fimbo yake!

Daktari alinishauri niipe akili mazoezi. Basi nikarudi nyumbani, nikakazana na mchezo wa mafumbo kwenye simu mpaka saa nane. Ndio nikaona kofia yake mlangoni. Mbio!

Msinicheke, haya ni ya ukoo.

Miaka ya themanini, hapa hapa Isiolo, Baba alikuwa mgonjwa wa shax, ule mchezo wa kokoto mchangani.

"Shax ni dawa ya akili," alituambia kila siku. "Mwenye kucheza hasahau kitu."

Asubuhi moja akampeleka Ayeeyo, mama yake, dispensari. "Hooyo, mama yangu, ngoja hapa, narudi sasa hivi."

Njiani akapitia kwa wachezaji wenzake.

Alasiri akaingia nyumbani anapiga mluzi. "Leo nimewashinda wote!"

Mama akamtazama. "Hongera. Na mama yako yuko wapi?"

Wallahi, mluzi ulikatika katikati.

Kabla hajafika mlangoni, Ayeeyo huyo, anashuka kwenye mkokoteni wa punda wa muuza maji. Hakugomba. Alikaa chini uani, akachora mistari mchangani, akaokota kokoto. Hatukujua hata kama anacheza!

"Kaa hapa," akamwambia Baba. "Mimi nimepata siku nzima ya kufikiria."

Akamshinda mara nne mfululizo.

Sasa mume wangu ameketi kando yangu. Hajalalamika hata kidogo.

Ameniomba simu tu, afungue ule mchezo wa mafumbo.

Niombeeni.