Mzigo Haugawanywi

Kitabu nilikikata mimi mwenyewe, kwa kisu cha kufungulia magunia, juu ya mizani ya godauni kule Thika. Kilikuwa kitabu kinene cha Kiingereza cha kufundishia wauguzi, na wenye nacho walikuwa wanne, wote madresa, yaani wasaidizi wa tabibu, wa dispensari. Daktari mmoja Mzungu aliyerudi kwao aliwaachia. Wote wanne walikuwa wameniruhusu, lakini nilipoweka ncha ya kisu kwenye jalada, mmoja alitoka nje akajifanya anatazama mvua. Nilikigawa sehemu nne. Kila sehemu niliishona kwa uzi wa katani na kuifunga kwa karatasi ya kaki. Sikuona uchungu wowote. Nilikuwa karani wa mizigo kwa wakala mmoja wa kusafirisha bidhaa, ng'ambo ya reli, na kwangu kile kitabu kilikuwa mzigo mmoja unaotakiwa mahali panne.

Zilikuwa siku za emajensi, ile hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau. Kabla ya hapo, wale madresa walikutana Thika kila Jumamosi kusoma pamoja, kwa sababu mtihani wa kupandishwa cheo ulikuwa unakuja na kitabu kilikuwa hicho kimoja tu. Mmoja alitibu watu hapo mjini, mmoja kwenye shamba la kahawa Ruiru, mmoja Mugutha, na wa nne kwenye shamba la mkonge upande wa Ngoliba. Wote walikuwa Wakikuyu, na Mkikuyu wakati ule hakutoka shambani bila pasi. Pasi nayo iliombwa leo, ikaja wakati ile safari ilishapita. Mimi kwetu ni magharibi, na askari alipotazama kipande changu cha utambulisho alinirudishia bila neno. Basi watu walizuiwa, lakini karatasi hazikuzuiwa, na karatasi ndiyo iliyokuwa kazi yangu.

Mpango ulikuwa rahisi, na nakiri niliupenda kuliko nilivyowapenda wenye kitabu. Kila Jumanne kila sehemu ilihama. Ya Thika ilikwenda Ruiru mkononi mwa gadi wa gari la moshi. Ya Ruiru ilikwenda Mugutha na lori la kahawa. Ya Mugutha ilinirudia mimi, nami nikaipeleka Ngoliba na lori lililoleta mkonge. Lori hilo hilo lilikuwa limeniletea ile iliyosomwa Ngoliba, ambayo sasa ilikuwa zamu ya Thika. Kwa mwezi mmoja kila mtu alikuwa amesoma kitabu kizima, kisha mzunguko ukaanza upya. Niliandika kila kitu kwenye daftari la peke yake, kwa kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Dresa wa Ruiru alinitania kwa barua kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Nikamjibu kwamba haraka haraka haina baraka, nami sikumtumia chochote kabla ya Jumanne.

Sijui niseme nilikuwa mtu wa namna gani miaka ile. Niliona watu wakipakiwa kwenye mabehewa na mizigo yao kichwani, nikahesabu mabehewa. Niliona nyumba zikibomolewa na wenyewe wakihamishiwa penye boma na askari, nikaenda nikala chakula changu cha mchana. Haikuwa ukatili. Ilikuwa ganzi, kama ya mguu uliokaliwa muda mrefu, na nilikuwa nimeshazoea kuutembelea hivyo hivyo.

Dresa wa Ngoliba ndiye niliyemjua zaidi. Alikuwa mwembamba, kaptura yake ya kaki imepigwa pasi ya makaa ikasimama, na alisoma huku midomo ikicheza. Ndani ya kila sehemu aliyorudisha aliacha vikaratasi vya maswali kwa wenzake, vimeandikwa kwa penseli. Maswali ya Sehemu ya Nne hayakumwisha. Sehemu ya Nne ilikuwa ya uzazi, na mkewe alikuwa na mimba ya pili. Mtoto wa kwanza alipozaliwa, mama alitokwa na damu nyingi mno, na kilichomwokoa ni sindano ya sista mmoja wa misheni aliyekuwa akipita. Safari hii hakukuwa na sista wa kupita. Kulikuwa na mume mwenye cheti kidogo na kabati la dawa nusu tupu.

Yule mama nilimwona mara moja. Alikuja na lori, akaniletea viazi vitamu kwa niaba ya mumewe, akacheka Kiswahili changu cha kwetu. Alikuwa na sauti nzito kwa mwili wake. Viazi nilivila, nikaandika barua ya shukrani.

Sasa nieleze sheria ya godauni, maana bila hiyo hakuna kinachoeleweka. Bwana wetu alikuwa na msemo mmoja: mzigo haugawanywi. Hati ikisema magunia kumi, mwenye mzigo atapewa kumi au asipewe hata moja, mpaka yatimie. Karani aliyenitangulia alitoa nusu ya mzigo wa mtu, nusu nyingine ikapotea njiani, na yeye akafukuzwa siku hiyo hiyo. Nilipopewa meza yake nilikuta miwani yake ndani ya mtoto wa meza. Hakurudi kuichukua.

Jumamosi moja, katikati ya mvua za masika, gari la moshi lilileta sanduku la mbao la dispensari ya lile shamba la mkonge. Hati ilisema masanduku mawili. Moja lilikuwa limeachwa Nairobi. Niliandika lililofika, nikalisukuma nyuma ya marobota ya mkonge mahali pasipovuja, nikangoja la pili. Hivyo ndivyo nilivyofanya kwa kila mtu.

Jumanne iliyofuata dresa alikuja mwenyewe juu ya lori. Alikuwa amepata pasi ya siku moja. Sehemu ya Nne alikuwa ameifunga kifuani, ndani ya shati, mvua isiiguse. Hakuitoa mara moja. Alinisalimu, akauliza habari za nyumbani kwetu, kisha akasema lililomleta.

"Karani, wacha hii ikae kwangu wiki moja ingine. Bibi yangu iko karibu kuzaa."

Nilimwambia haiwezekani. Nilimweleza kama ninavyokueleza wewe: ikikaa Ngoliba, Thika watakosa, Thika wakikosa, Ruiru watakosa, na mtihani hauko mbali. Nilimwambia zamu ni zamu. Nilimwita daktari, kama watu walivyowaita madresa wote, ili asione nimemvunjia heshima. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakubishana. Alifungua vifungo vya shati, akanipa ile sehemu, bado ina joto la mwili wake, nami nikampa Sehemu ya Tatu, ya magonjwa ya macho na ngozi.

Alipokuwa anapanda lori aligeuka.

"Na dawa zetu zimefika?"

"Bado," nikamwambia.

Sikusema uongo. Kwa hesabu yangu mzigo ulikuwa haujafika, kwa sababu haujatimia. Lakini yeye aliuliza dawa, hakuuliza mzigo, na tangu pale aliposimama hadi kwenye lile sanduku hazikuzidi hatua nane. Alitikisa kichwa, akaketi juu ya magunia ya unga wa wafanyakazi, lori likaondoka. Mimi nilirudi kwenye daftari langu, nikaandika kwamba Sehemu ya Nne imepokelewa Thika, haina ukurasa uliokosekana.

Habari nililetewa na dereva Jumanne iliyofuata. Aliingia akikwangua matope kwenye buti, akaanza na mambo ya barabara, kisha akasema bibi ya daktari ameenda. Alijifungua Alhamisi asubuhi. Mtoto alikuwa msichana, mzima. Damu ikaanza, ikakataa kusimama. Lori lilikuwa limekwama mtoni, na gari la bwana shamba lilikuwa Nairobi na bwana mwenyewe. Kufikia saa sita mchana kazi ilikuwa imekwisha. Walimzika kesho yake, mvua ikinyesha.

Ningependa kusema nilikaa chini. La. Nilimuuliza dereva kama amekuja na Sehemu ya Tatu. Alinitazama kidogo, akaitoa chini ya kiti. Ilikuwa imefungwa vizuri, karatasi ya kaki imekunjwa pembe kwa pembe, na safari hii hakukuwa na kikaratasi cha maswali ndani.

Wiki ile nilifikiri juu ya ile Sehemu ya Nne. Nilifikiri kwa utaratibu, kama mtu anayetafuta gunia lililopotea. Kama ningemwachia wiki moja, Alhamisi ile ingekuwa mikononi mwake. Angefungua ukurasa. Mpaka hapo nilifika, kisha nikarudi mwanzo. Hatia niliiona iko pale mbele yangu, nikajua ni yangu, na bado haikunichoma. Sanduku halikunijia akilini kabisa. Jumanne ile ile lori lilirudi Ngoliba na Sehemu ya Pili, na sanduku lilibaki pale pale nyuma ya marobota.

La pili lilifika Ijumaa. Niliyaweka mawili pamoja, nikampelekea dresa habari, na Jumanne akaja na pasi. Kaptura ilikuwa imepigwa pasi kama siku zote. Nilimpa pole. Akasema asante. Alisema mtoto yuko kwa nyanya yake na ananyonya chupa. Nilimtajia ile sehemu ya kitabu, kwamba nilikosea kumnyima, na nilikuwa nimejiandaa kwa jibu lolote. Hakuonekana ameumia.

"Hiyo karatasi niliijua kwa kichwa," akasema. "Hata macho ikifungwa. Mkono nilijua kuiweka wapi. Nilikosa dawa ya sindano tu."

Kwa muda mfupi niliona nafuu. Nasema ukweli, niliona nafuu, kwa kuwa basi si mimi. Nikamfungulia masanduku akague, kama sheria inavyotaka mwenye mzigo akague kabla ya kutia sahihi. Sanduku la pili lilikuwa na sabuni, bendeji na ndoo. La kwanza lilikuwa na nyasi kavu, na ndani ya nyasi vichupa vidogo vya kioo, safu kwa safu. Alitoa kimoja. Alikisoma, midomo ikicheza. Nilijua ni ile dawa ya sindano.

Akauliza lile sanduku lilifika lini. Nikamfungulia daftari la mizigo, kwa sababu sikujua kufanya kitu kingine. Aliweka kidole kwenye tarehe, akahesabu siku kwa Kikuyu, polepole, kama anayempimia mgonjwa dawa.

"Hii ni Jumamosi," akasema. "Jumanne nilikuuliza."

"Ndiyo."

"Ukasema bado."

Nilimwambia mzigo ulikuwa wa masanduku mawili, na mzigo haugawanywi. Niliyasikia maneno yakitoka, ni ya bwana wangu, kwa sauti yangu. Yeye hakuinua sauti. Alirudisha kichupa ndani ya nyasi, akakifunika kama mtu anayefunika yai.

"Kitabu uligawa," akasema.

 Nilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa kwamba kitabu hakuna ambaye angenifukuza kwa ajili yake. Niliogopa kupoteza meza na kiti. Hilo ndilo, na sikumwambia, wala sijamwambia mtu mpaka leo hii ninapoliandika. Nilifanya kazi niliyoijua. Nilimgeuzia daftari, nikamchovyea kalamu wino, nikamwonyesha pa kutia sahihi. Lilikuwa limechapishwa hivyo tangu siku ya kwanza, na nilikuwa nikilitumia mwaka wa nne: kila sanduku na mstari wake, kila mstari na nafasi yake ya tarehe ya kutolewa, ili sanduku moja liweze kutoka bila kungoja jingine. Alitia sahihi kwenye mstari wa kwanza, akapuliza wino ukauke, kisha akatia kwenye wa pili.