Siku Balozi Alipokuwa Msemaji Wetu

Kaka yangu alisomea sosiolojia, yaani alikwenda chuo kikuu kujifunza habari zetu sisi wenyewe. Likizo alikuwa akikaa jikoni kwa mama, daftari mapajani, anamuuliza watu wa bonde la Ruzizi wanaposaje, jambo ambalo kila msichana wa mtaa wetu wa Kilibula analijua kabla hajajua kusonga ugali. Mama alimjibu kwa upole huku akichambua sombe, majani ya muhogo ya chakula cha jioni. Akaandika kitabu kizima, wakamwita daktari.

Baadaye aliona ualimu hauna heshima ya kumtosha, akaingia siasa. Wakati wa kampeni alikula samaki wa mikeke kwa mikono na kila mtu; alipochaguliwa, moshi wa jiko letu ukaanza kumkohoza. Kisha wakampa ubalozi katika nchi ya baridi. Aliporudi kututembelea, alitaka hata sisi wa tumbo moja tumwite Ekselansi. Mimi sikumwita. Nilimdharau, na sioni haya kulisema.

Mwaka huo binti yangu wa pekee alikuwa akiposwa na mwalimu wa Sange, kijana aliyempenda tangu sekondari. Mume wangu alishafariki, na ndugu zake wakaona ni sifa balozi awe msemaji wetu siku ya posa. Nikakubali. Ujinga wangu.

Wageni walifika mchana, suti zimepigwa pasi, viatu vina vumbi la bondeni. Msemaji wao, mzee mkulima wa mpunga, akaanza kama inavyoanzwa siku zote:

"Tulikuwa tunapita tu, kandama ketu kamepotea. Nyayo zake tumeona zinaingia hapa kwenu."

Hapo msemaji wetu anatakiwa akatae. Aseme hapa hakuna ndama, wakaulize kwa jirani. Wabishane, wacheke, wanywe, na mwishowe akubali shingo upande. Binti anayetolewa bila ubishi ni binti aliyechosha kwao, na wageni huanza kujiuliza ana kasoro gani.

Kaka yangu akavaa miwani, akatoa karatasi.

"Tusipoteze muda," akasema. "Pande zote mbili zimekwisha kuafikiana. Msichana tunawapa. Nimeandaa tamko la pamoja, mtie sahihi hapa chini."

Mzee akaweka chini chupa yake ambayo hata nusu hajainywa.

"Sawa," akasema. "Tutarudi siku ingine."

Kwetu anayesema hivyo harudi. Nilikuwa nimesimama mlango wa jikoni, binti yangu nyuma yangu amenishika kitenge. Hasira ilinipanda mpaka kichwani. Mama wa binti hasemi mbele ya wakwe, hilo nalijua vizuri. Nikaingia.

"Baba, mutusamehe," nikasema, nimepiga goti. "Huyu muntu si musemaji wetu. Ni mugeni, ametoka mbali, desturi za hapa hajue. Musemaji wetu ni huyu."

Nikamwonyesha shemeji yangu, seremala wa Kasenga, aliyekuwa amekaa pembeni na soda yake. Kaka akafungua mdomo. Nikamkazia macho, akaufunga.

Shemeji hakuhitaji kufundishwa. "Ndama?" akasema. "Hapa kwetu iko mbuzi tu, tena hata yenyewe ni ya jirani!"

Mzee akacheka, akaichukua tena chupa yake. Walibishana mpaka jua likaanza kuingia nyuma ya milima, na binti yangu akaitwa atoke asalimie. Alitoka akilia na kucheka kwa pamoja.

Wakati wa kuagana, mzee alinivuta kando. Kaka yangu alikuwa amebaki peke yake kwenye kiti, anaikunja karatasi yake vizuri.

"Huyu mugeni wenu," mzee akauliza, "anafanyaka kazi gani?"

"Anasemeaka inchi yetu kule ng'ambo," nikajibu.

Mzee akageuka kumwangalia kaka yangu na karatasi yake.

"Ndiyo maana," akasema, akawafuata wenzake barabarani.