Njia ya Kwenda Chuoni

Nakumbuka, mwanangu, alasiri ile pale Kibokoni mwenzangu Mwanaisha alipoambiwa asirudi tena chuoni kusoma Kurani. Kosa lake lilikuwa kuchelewa. Nami nilisimama nyuma yake, nimechelewa vilevile, na maalim akaniambia nikirudia nitamfuata. Ilikuwa miaka ya sitini, nami ndiyo kwanza nimevunja ungo. Chuo ndicho kilichokuwa kisomo changu pekee. Nikitolewa huko, ni kukaa ndani kungoja mume.

Usidhani wazee wa mtaa walitupuuza. Kila baada ya sala ya alasiri walikaa kwenye baraza ya kona, kahawa mkononi, wakijadili kwa nini wasichana wanachelewa. Mmoja alisema ni uvivu, tuchapwe. Wa pili akataka inunuliwe kengele kubwa, isikike mtaa mzima. Wa tatu, aliyejiona ana huruma, akashauri mwanamke mtu mzima awe akitupitia majumbani. Kengele ikanunuliwa kweli, nasi tukaendelea kuchelewa huku twaisikia. Watu wazima, na ndevu zao, wanabishania dawa, na hakuna hata mmoja aliyetuuliza tunaumwa wapi. Nikikumbuka, damu yangu huchemka hata leo.

Nyanya yangu, Bi Rukia, hakuniuliza mbele ya watu, maana alijua nisingejibu. Alivaa buibui lake akaniambia nitangulie, yeye atanifuata. Nilipokaribia kona nikaiacha njia, nikaanza kuzunguka kwa nyuma kuelekea bandari ya kale.

"Mbona wazunguka?" akaniuliza. "Chuo si kile pale?"

Nikamwambia ukweli. Msichana aliyevunja ungo hapiti mbele ya baraza ya wanaume. Mama zetu walitufunza hivyo, na wanaume wale wale ndio waliotaka tufunzwe hivyo. Njia fupi ilikuwa hiyo moja, nao wamejaa hapo saa ile ile ya chuo. Sasa tungesemaje? Ingekuwa ni kuwashtaki wazee wetu.

Nyanya akanishika mkono, akanipeleka moja kwa moja mpaka mbele yao. Akawapa salamu kamili, akawauliza hali za wake zao na wajukuu, nao wakajibu kwa adabu. Kisha akawaambia:

"Mwatafuta kinachowachelewesha wana hawa, na mumekikalia nyinyi."

Kesho yake walihamia baraza ya pili, upande wa msikitini, na wasichana wote tukawahi. Unajua walisema nini? Waliisifu kengele. Mwanaisha nilipokwenda kumwita, mamake akaniambia ameshaposwa. Hakuna mzee hata mmoja aliyekwenda kwao kumtaka radhi.

Mwanangu, wewe sasa umesoma, unaitwa mikutanoni kuwatafutia watu ufumbuzi. Usiwe mwepesi wa kutaja dawa. Nenda kwanza ukatembee na anayeumia, kwa njia anayopita yeye, umuulize mahali ambapo hamwogopi mtu. Na ukikuta wewe ndiye uliyemzibia, inuka siku hiyo hiyo, umwombe radhi kwa jina lake. Sisi tulifunguliwa njia, na mwenzetu alikuwa ameshafungiwa ndani.

Mungu akupe sikio la kuwasikia wasiothubutu kusema, na akujaalie uwafikie mapema. Amin.